Jiko Lina Wenyewe

"Umetia maji kiasi gani?"

"Kiasi ulichoniambia."

"Mimi nilisema kiasi gani?"

"Ulisema yafunike mchele, yapite kidogo."

"Kidogo cha nani hicho? Hebu geuza simu nione."

Biskuti aliitoa simu pale alipoiegemeza kwenye kopo la chumvi, akaielekeza kwenye sufuria.

"Mama yangu!" sauti ya mwanamume ikasema. "Hapo unapika wali au unafua?"

Siku nyingine angecheka. Leo alikuwa amesimama maabara tangu asubuhi, akipima unga wa dawa kwenye mizani ambayo ukipumua tu inabadilisha hesabu, na miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vimekataa kutoka. Njaa ilikuwa inauma. Jiko la umeme la nyumba ile ya wanafunzi lilikuwa na sehemu nne za kuwekea sufuria, mbili zimekufa, moja inapasha vuguvugu. Juu darini kengele ya moshi ilikuwa imefungwa mfuko wa plastiki, na kila mtu mle ndani alijua ulifungwa kwa sababu ya nani.

"Usinifokee bwana. Nimechoka."

"Sikufokei, Dokta. Mimi ndivyo ninavyoongea. Nikiongea kwa upole, sufuria zangu hazinisikii."

Hilo jina la Biskuti alipewa na wenzake wa nyumba. Miezi yake ya mwanzo ugenini aliishi kwa biskuti na chai, si kwa kukosa chakula, bali kwa kukosa la kukifanya. Mchele ulikuwa kabatini. Maharage yalikuwa kabatini. Yeye alikuwa mbele ya kabati, analia. Kwao hakuwahi kuruhusiwa kugusa mwiko. Kila aliposogea jikoni mama yake alimrudisha mlangoni kwa neno lile lile: "Wewe shika kitabu. Jiko lina wenyewe." Basi akashika kitabu, kitabu kikampeleka mbali kusomea ufamasia, na huko mbali kitabu hakikumpikia.

Aliyemwokoa ni huyu wa kwenye simu. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na wanafunzi walimwita Jenerali kwa jinsi alivyoamrisha watu na masufuria. Walijuana Biskuti alipokuwa akisaidia kwenye zahanati ya shule hiyo kabla ya kusafiri. Jenerali aliletwa ameungua mkono kwa uji, akakataa kulia, akakubali kufungwa bandeji, kisha akawa anaungua ungua kila wiki bila sababu ya maana. Wakapendana. Biskuti alipoondoka, Jenerali alimpa ahadi, na pete nyembamba ambayo Biskuti aliificha kwenye soksi uwanja wa ndege.

Tatizo ni kwamba Jenerali alijua kupikia shule nzima. Mtu mmoja hakujua kumpikia. Masomo yake ya kwanza yalianza kwa gunia na debe, kisha wote wawili wakakaa kugawanya, na kugawanya kukawashinda. Biskuti alikula maharage ya chumvi tupu, akayasukuma kwa maji na machozi. Jenerali aliposikia hivyo akaenda kununua sufuria ndogo. Kila mchana, wanafunzi wakishakula, aliibandika pembeni ya jiko kubwa akajifunza upya kazi yake mwenyewe, wasaidizi wake wakimcheka.

"Jenerali, nani anaumwa?" waliuliza, maana pale kisufuria kidogo kilikuwa cha uji wa mgonjwa tu.

"Mimi," alijibu.

Alichofaulu mchana, jioni alimfundisha Biskuti kwa simu. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na kwa mtu aliyechoka yalikuwa yanatosha.

"Sasa mwaga maji kidogo," alikuwa anasema jioni hiyo. "Taratibu. Usimwage na mchele."

Mlango wa jiko ukafunguliwa.

"Biskuti! Nani huyo anakukaripia?"

Aliyeingia ni Mwanasheria, wa chumba cha jirani. Alitoka nchi moja na Biskuti, alisomea sheria, na hata akiomba chumvi utadhani yuko mbele ya hakimu. Kwao ni watu wa magari mawili na mlinzi getini, na hakuwa na habari kwamba wengine hawako hivyo.

"Hakuna anayenikaripia."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Mwanamume. Ni nani?"

Jibu lilikuwa fupi, maneno mawili tu: mchumba wangu. Baada ya hapo lingekuja swali la pili, anafanya kazi gani, na Biskuti aliliona linakuja. Mdomo ukakimbilia huko kabla ya akili.

"Ni mpishi."

"Mpishi gani?"

"Wa... nyumbani. Ananielekeza."

"Kumbe kwenu mna mpishi! Ndiyo maana hata yai linakushinda. Mtoto wa watu umelelewa kwa kuletewa sahani mezani!"

"Ndiyo hivyo," Biskuti akasema, na akacheka.

Hapo kwenye kucheka ndipo alipoharibu zaidi, mimi nasema. Kwao kulikuwa na mpishi kweli, lakini hakuna aliyemwajiri pale. Alikuwa mama yake mzazi. Mama yule alipika katika nyumba za watu maisha yake yote, akirudi jioni mikono inanuka vitunguu, na kwa mikono hiyo binti akasoma. Kwa kicheko kimoja Biskuti akawa amewakana watu wawili.

 Jenerali akaongea kwenye simu, kwa sauti ambayo Biskuti hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu wa kazi anayeongea na mwenye nyumba.

"Punguza moto, dada. Wali utaungua."

"Ana adabu huyu," Mwanasheria akasema, akichukua maziwa yake kwenye friji.

Simu ikakatika.

Biskuti alipiga, haikupokelewa. Akaandika: "Samahani mpenzi. Ilinitoka tu. Nimechoka mpaka sijui ninachosema."

Jibu lilikuja kesho yake: "Na mimi nimechoka."

"Pokea simu basi tuongee."

"Nagawa chakula. Nikimaliza nitapiga."

Alipiga kweli, maana hakuwa mtu wa kususa. Lakini hakusema Dokta, wala hakuuliza kama amekula.

"Nataka nikuulize kitu kimoja," alisema. "Mjomba wangu anakwenda kwenu Jumamosi kupeleka posa. Mama yako anajua mimi ni nani?"

"Anakujua. Nimemwambia habari zako siku nyingi."

"Umemwambia nafanya kazi gani?"

Biskuti alikaa kitandani. Nje ya dirisha mtu alikuwa anakokota pipa la taka, na alitamani mtu huyo aendelee kulikokota mpaka simu iishe chaji.

"Nilimwambia unafanya kazi shuleni."

"Shuleni. Kazi gani?"

"Hakuuliza."

"Na wewe hukusema."

"Alianza mwenyewe kukuita mwalimu! Alifurahi sana. Nikasema nitamweleza kesho. Kesho ikawa kesho nyingine..."

"Kwa hiyo mjomba wangu, mtu mzima na kofia yake, anakwenda kukaa mbele ya shangazi zako aulizwe mwalimu anafundisha somo gani?"

"Mpenzi..."

"Yule mwenzako simjui, aniite atakavyo. Lakini mama yako, mtu anayeshika mwiko kama mimi, nimekukosea nini mpaka unifiche hata kwake?"

"Kwake ndiyo vigumu zaidi. Huelewi."

"Sielewi, ni kweli. Mwambie kabla ya Jumamosi. Usipomwambia, mjomba haendi. Na asipokwenda Jumamosi, hataenda tena. Sitakuja kuoa kwa kujificha nyuma ya ubao na chaki."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakwambia nilipofika."

Biskuti hakuwa mtu mwoga wa mitihani, ila mtihani huu aliuzungukia. Asubuhi alisema jioni, jioni akasema mama atakuwa amechoka. Mama alipopiga mwenyewe, sauti ilikuwa ya sherehe.

"Mwanangu! Nimesafisha nyumba mpaka kuta zinaniogopa. Shangazi yako mkubwa anakuja, na yule mdogo mwenye maneno. Nimewaambia mkwe wangu ni mwalimu. Wamenyamaza kimya! Raha iliyoje!"

"Mama, kuhusu hilo..."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu... usijichoshe na kupika siku hiyo."

"Nisijichoshe? Siku zote napikia wageni wa watu wengine, leo wa kwangu ndiyo nisijichoshe?"

Biskuti akacheka kicheko cha uongo, wakaagana. Alijichukia mpaka usingizi ukamkataa.

Siku zile alipika peke yake. Hakukuwa na wa kumwambia punguza, wala wa kumwambia geuza simu nione. Alichoka mwili kwa maabara, akachoka roho kwa kusubiri ujumbe usiokuja, na tumbo halikujua yote hayo, likadai chake. Vitunguu alivikata vibaya lakini vikaiva. Maharage aliyaloweka tangu asubuhi kabla ya kwenda chuoni, akayachemsha aliporudi, akaonja, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Wali ulikaa vizuri, punje kwa punje. Alishika kijiko akageuka kuitafuta simu amwonyeshe mtu, na pale kwenye kopo la chumvi hakukuwa na simu. Akala amesimama. Chakula kilikuwa kitamu, na utamu ule ulimuuma kuliko yale maharage ya chumvi tupu.

Mwanasheria aliingia akifuata harufu.

"Nionjeshe," alisema, akachota bila kungoja ruhusa. Akatafuna. "Aisee! Biskuti, wewe? Mpe hongera yule mpishi wenu. Mwambie amefaulu."

Biskuti aliweka sahani chini.

"Si mpishi wetu."

"Nani?"

"Yule uliyemsikia. Ni mchumba wangu. Ni mpishi wa shule. Na kwetu hatujawahi kuajiri mpishi, mama yangu ndiye anayepikia watu. Huenda amewahi kupikia watu kama nyinyi."

Mwanasheria aliacha kutafuna.

"Sasa kwa nini ulinidanganya?"

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi? Mimi ni nani kwako?"

"Ndilo linaloniuma! Nimemkana mtu kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yangu."

"Haya, asante sana."

"Samahani, sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha, na ni kweli." Mwanasheria alivuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza hakuongea kama yuko mahakamani. "Na yeye yuko wapi?"

"Haongei na mimi. Mama anamdhani mwalimu. Kesho mjomba wake anakwenda kuposa, na mama nisipomwambia, haendi tena."

"Kesho? Na wewe uko hapa unanililia kwenye sahani? Nenda kampigie mama yako! Maharage nitayalinda."

Mama alipokea kabla simu haijaita vizuri. Nyuma yake vyombo vilikuwa vinagongana.

"Mwanangu, fupisha, mikono yangu ina unga."

"Mama, si mwalimu."

"Nani?"

"Mchumba wangu. Anafanya kazi shuleni, ndiyo, lakini ni mpishi. Mpishi wa shule."

Vyombo vikanyamaza.

"Rudia."

"Ni mpishi, mama."

"Na mimi nimewaambia watu ni mwalimu."

"Najua. Nilikuacha useme. Kosa ni langu."

"Mpishi." Mama alivuta pumzi. "Unajua kwa nini nilikufukuza jikoni? Unajua? Nilitaka siku moja ukae mezani na watu, mtu mwingine akuletee sahani. Nimeitwa we mpishi, njoo hapa we mpishi, mpaka kuna nyumba nimefanya kazi miaka wakasahau kuuliza jina langu. Nikasema kwangu mimi kazi hii inaishia hapa, haivuki mlango. Leo wewe umekwenda ng'ambo, umesoma, halafu unaniletea mpishi?"

"Mama, ulinitoa jikoni ukasahau kwamba nitakula." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Nilipofika huku nililala na njaa, na chakula kipo kabatini. Sikukwambia, ungeumia. Aliyenifundisha ni yeye. Yeye mwenyewe hakujua kupikia mtu mmoja, akajifunza, watu wakimcheka, ili mimi nile. Na mimi juzi mtu aliponiuliza huyu ni nani, nikamwita mpishi wa nyumbani kwetu. Nikacheka, mama. Nilimwita vile vile walivyokuita wewe."

 Biskuti alisikia maji yakidondoka mahali fulani, kisha simu ikakatwa.

Akamwandikia Jenerali: "Nimemwambia. Amekata simu. Mjomba aende au asiende, wewe ndiye wa kuamua. Na mwenzangu wa nyumba nimemwambia pia. Sikulaumu kwa lolote."

Hakujibiwa.

Jumamosi maabara haikufunguliwa, naye akatamani ingefunguliwa. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alisugua jiko, hata zile sehemu mbili zilizokufa. Mwanasheria alipita na kurudi, akauliza "Bado?" mpaka akakatazwa kuuliza. Simu ilipoita ilikuwa ya mama.

"Wamekuja," mama alisema. Sauti ilikuwa imechoka, sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri.

"Mjomba wake amekuja?"

"Mjomba wake na mzee mwingine, na kofia zao. Wameketi. Shangazi yako mdogo, unamjua mdomo wake, akaanza: haya, tuambieni habari za mwalimu wetu. Mjomba wa watu akanitazama mimi. Hakujua kama najua au sijui. Nilimwonea huruma, jasho lilimtoka mpaka shingoni."

"Ukasemaje mama?"

"Nikasema si mwalimu. Nikasema ni mpishi, kama mimi. Shangazi yako akafungua mdomo, nikamwambia mwenye neno na wapishi asubiri amalize kwanza kula, maana sahani aliyoishika imepikwa na mmoja wao."

Biskuti alikaa sakafuni, palepale jikoni.

"Mama..."

"Usilie, sijamaliza. Nimekubali posa. Lakini nimemtaka huyo kijana kwenye simu ya mjomba wake, nimwambie neno langu. Nimemwambia. Mengine akueleze mwenyewe. Mimi naenda kunyoosha mgongo."

Hakungoja kuagwa. Simu ya Jenerali ilikuja baada ya hapo.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Ile siku ulicheka. Kuniita mpishi si tusi, mimi ni mpishi. Ni kile kicheko."

"Najua. Kinanirudia kila nikiingia jikoni. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo. Leo nimechoka tu. Nilifikiri mjomba atarudi amevuliwa kofia."

"Kwa nini ulimruhusu aende, kama ulikuwa hujanisamehe?"

"Ulisema kweli huku unajua mama yako anaweza kunikataa. Mtu wa hivyo simwachi, hata nikiwa na hasira."

Biskuti alifuta pua kwa mkono wa shati. "Mama amekwambia nini?"

Jenerali akakohoa. Kwa mbali wasaidizi wake walikuwa wanasugua masufuria na kuimba ovyo.

"Aliniuliza kama najua kwa nini hujui kupika. Nikasema sijui. Akasema, 'Sikumfunza makusudi. Binti yangu nilimtoa jikoni kwa mikono yangu hii. Ole wako wewe umrudishe.'"

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia, mama, jikoni nitakuwa mimi. Yeye atakuja kula."

 Biskuti alilia kwa sauti, mpaka Mwanasheria akachungulia mlangoni na kurudi alikotoka polepole.

"Sasa unalia nini?" Jenerali akasema.

"Na nikitaka kupika, je? Nimeshajua. Jana nimepika maharage yakaiva, peke yangu, na hukuwepo kuyaona."

"Yakaiva kweli?"

"Kweli tupu. Muulize Mwanasheria, ameyamaliza."

Jenerali akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka na kazi na mapenzi pamoja.

"Basi mama yako asijue," akasema. "Nimeshamwapia."